Tusijaribu Programu kwa Vitu vya Badala

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliomaliza masomo hapa, siku hizi wengi wetu twajifunza kuandika programu za kompyuta, na baadhi ya waliotutangulia wamekwisha kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Ni jambo jema. Lakini iko desturi moja ambayo naona haifai: kuijaribu programu juu ya kitu cha badala, kisha kuwapa watu kana kwamba imejaribiwa juu ya kitu chenyewe.

Nitoe mfano. Mtu aandika programu ya daftari la wanafunzi. Siku ya kazi majina yatawekwa katika hifadhidata ya PostgreSQL, lakini katika majaribio yeye hutumia SQLite, kwa kuwa ni nyepesi. Sasa tazameni. Ukiagiza kwamba jina lisizidi herufi 20, kisha ukaingiza jina la herufi 30, SQLite italipokea bila neno, PostgreSQL italikataa. Tena, ukitafuta “musa” kwa amri ya LIKE, SQLite itakuletea na Musa wa herufi kubwa, PostgreSQL haitamleta. Basi majaribio yote yamefaulu, na siku ya kuandikisha, mtoto aliyetoka mbali aambiwa kwamba jina lake halimo. Mwandishi naye husema, “Mbona kwangu yafanya kazi?” Jibu hilo halimfai mtoto kitu.

Dawa ipo, nayo ni kontena. Docker, iliyoonyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 2013, hufungasha programu pamoja na vyote inavyohitaji, ili ikifunguliwa katika kompyuta nyingine iwe ile ile. Ni kama yale makontena tuyaonayo yakipanda kwa malori kutoka Mombasa: shehena hupakiwa mara moja, wala haipanguliwi njiani.

Lakini kuwasha kontena kwa mkono hakutoshi, maana mkono husahau. Yafaa majaribio yenyewe yaliongoze. Mwaka 2015 Richard North alianzisha Testcontainers kwa lugha ya Java, na leo ipo pia kwa Python, Go na nyinginezo. Ndani ya jaribio waandika kwamba wataka PostgreSQL, na toleo gani. Kontena huwashwa, jaribio hungoja mpaka hifadhidata iwe tayari, kontena hupewa namba ya mlango ulio wazi, ili majaribio mawili yasigombee mlango mmoja, kazi ikiisha, kontena huondolewa. Hata jaribio likikatika katikati, kontena dogo liitwalo Ryuk hufagia yaliyobaki. Mwenzako akichukua maandishi yako, atapata hifadhidata ya toleo lile lile, tupu na safi, bila kukuuliza ulifanyaje.

Wako wasemao kwamba kompyuta zetu ni dhaifu na intaneti ni ghali. Si uongo, kwani vifurushi vingine hufika mamia ya megabaiti. Lakini kifurushi hupakuliwa mara moja kikabaki katika kompyuta. Tena shule yaweza kuweka kompyuta moja iwe ghala la vifurushi, na nyingine zote zikachukua humo pasipo kutoka nje ya ua. Wala si kila jaribio linalohitaji kontena: kukokotoa wastani wa alama hakuhitaji. Ni pale tu programu izungumzapo na hifadhidata ndipo yapasa izungumze na ile ya kweli.

Wengine hulalamika kwamba kungoja kontena liwake kwachosha. Ni sekunde chache. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: aogopaye kuikemea programu yake mezani ataiona ikiwaliza watu dirishani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sisi wanafunzi, tunapoandika programu, tuandike pamoja nayo mahali pa kuijaribia. Na ninyi wakubwa zetu mlio kazini, mkija kutembelea shule, tuonyesheni mfanyavyo huko, na mkiweza tusaidieni kuliweka lile ghala. Programu zetu zitashika majina ya watoto, dawa za wagonjwa na fedha za wakulima. Haifai watu hao wawe ndio wa kwanza kuzijaribu.