Kamera ya nyuma: mshamba ni nani hapa?

Wadau, leo naomba mnivumilie. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumamosi na nikinyamaza nitapasuka.

Jumamosi nimefunga kamera ya nyuma kwenye gari. Gari lenyewe ni Toyota Noah la mwaka 2004, nimerithi kwa mzee, na kilomita zake sizitaji hapa kwa sababu za heshima. Basi tangu siku hiyo nimekuwa kichekesho cha kijiwe kizima. "Noah na kamera wapi na wapi?" "Kaka, kurudi nyuma tu kumekushinda?" "Hiyo hela si ungetupia rimu?" Mmoja akasema kamera ni ya kina dada wanaojifunza gari. Mwingine, na huyu ana digrii mbili, akasema ni ushamba.

Nikacheka nao. Lakini nimefika nyumbani, nimekaa, nimetafakari, nikaona hapana. Hili si la kuchekea. Ngoja niwaeleze kwa nini nimefunga, halafu tutajua mshamba ni nani.

Mwezi uliopita, asubuhi, nimechelewa kikao cha habari. Tunakaa nyumba ya kupanga, wapangaji wanne, uwanja mmoja, geti moja. Nimeingia kwenye gari, nimetazama kioo cha kati, nimetazama saiti mira ya kulia, ya kushoto, kweupe kabisa. Nikaweka rivasi. Gari limeshaanza kutembea nikasikia dada anayefanya kazi kwa jirani anapiga ukelele. Hakutamka neno lolote, ni ukelele tu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Nimeshuka. Mtoto wa jirani, ana miaka miwili na nusu, amechuchumaa nyuma ya bampa anaokota kizibo cha soda. Kati ya kichwa chake na bampa hapakuwa na hata hatua moja. Akanitazama, akacheka, akanyanyua mkono kunionyesha kizibo chake.

Kikao nilikikosa. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa nne, magoti yamegoma. Mama yake alitoka, akambeba mwanae, akaniambia, "Mungu mkubwa, kaka." Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Jioni yake nikafanya jaribio ambalo nawaomba na ninyi mlifanye kabla ya kunibishia. Chukua ndoo ya lita ishirini. Iweke nyuma ya bampa. Kaa kwenye usukani utazame kioo cha kati. Hutaiona. Shuka, isogeze nyuma hatua moja, rudi ukae. Hutaiona. Endelea hivyo hivyo. Mimi nilihesabu hatua saba kubwa ndipo nikaona ukingo wa ndoo. Hatua saba, ndugu zangu! Hapo katikati wanatosha watoto wa chekechea darasa zima, na mimi kwenye kioo naona kweupe.

Wajapani waliolitengeneza gari hili wanalijua tatizo hilo. Noah nyingi za miaka ile zinakuja na kioo kidogo cha mviringo juu ya mlango wa nyuma, kinachotazama chini kwenye bampa. Cha kwangu kiling'oka enzi za mzee na hakuna aliyekirudishia. Chako kipo? Umewahi kukitumia, au unadhani ni pambo?

Sasa tuje kwenye ile hoja yao kubwa: eti dereva mzuri hahitaji kamera.

Jumapili nilikwenda kumsalimia baba mdogo. Huyu ni mtu wa malori, ameendesha Scania miaka ishirini na tano, Tunduma mpaka Lubumbashi. Ameiona ile skrini, akaguna. "Mwanangu, mimi nimeendesha lori miaka yote hiyo bila televisheni, na sijawahi kumgusa hata kuku."

Nikamwambia, "Nakubali, baba mdogo. Lakini ulipokuwa unarudi nyuma, utingo wako alikuwa wapi?"

Kimya. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Maana jibu analijua. Utingo alikuwa ameshuka, amesimama nyuma, anapiga bodi, "Njoo, njoo, njoo... hapo!" Miaka ishirini na tano mzee wa watu alikuwa na kamera, tena yenye sauti, ila alikuwa anailipa posho na chakula.

Tazameni daladala. Dereva akitaka kurudi nyuma, konda anashuka. Tazameni maegesho ya mjini, yule kijana anayekupungia mkono halafu anaomba mia tano. Askari wa geti kazini kwenu, kazi yake nusu ni hiyo. Sote tunajua kwamba aliyeshika usukani haoni nyuma, ndiyo maana kila mahali pa riziki tumeweka mtu wa kumwonea. Ni nyumbani tu, penye watoto wetu wenyewe, ndipo dereva anageuka ghafla kuwa "mzuri" na kurudi nyuma kwa imani.

Mnataka mfano wa mtu makini? Mwaka 2002, jimbo la New York, Marekani, baba mmoja alikuwa anapaki gari lake nyumbani kwake. Alikuwa makini, anatazama vioo. Mtoto wake wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, alikuwa ametoka nje bila yeye kujua, akawa nyuma ya gari. Mtoto alifariki. Na kazi ya huyo baba ni udaktari wa watoto. Kama uangalifu peke yake ungetosha, ungemtosha yeye.

Wazazi wa namna yake hawakukaa kimya. Walipigana mpaka mwaka 2008 ikasainiwa sheria yenye jina la yule mtoto. Ikacheleweshwa, wakaenda mahakamani, kanuni ikatoka 2014, na kuanzia Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima dereva aweze kuona eneo la kama mita tatu kwa sita nyuma ya gari. Kwa kawaida hilo linafanywa na kamera. Wakati kanuni inatoka, mamlaka yao ya usalama barabarani ilikadiria kwamba magari yanayorudi nyuma yanaua watu 210 kwa mwaka na kujeruhi 15,000. Karibu theluthi moja ya waliokufa ni watoto chini ya miaka mitano. Kundi jingine kubwa ni wazee wa miaka sabini na kuendelea. Mtoto na bibi! Wale wale wanaokaa uani kwetu mchana kutwa.

Hao wote wanaouawa hivyo hawauawi na walevi wa barabara kuu. Watoto wengi wanaouawa hivyo wanauawa na baba, mama au ndugu wa karibu.

Haya, wabishi watasema hayo ni ya Wazungu. Japani je? Kuanzia Mei 2022 gari la muundo mpya kule lazima liwe na kamera au kifaa cha kumwonyesha dereva nyuma. Sasa piga hesabu. Magari mengi tunayonunua Japani yanatufikia yakiwa na miaka kumi au zaidi. Sheria ya 2022 itashuka bandarini kwetu lini? Na sheria hizo zote, ya Marekani na ya Japani, ni za gari jipya. Hakuna inayolilazimisha Noah la 2004. Wanaotunga sheria wanasema magari ya zamani yatajifia yenyewe. Hapa kwetu yanakuja kuanza maisha! Kwa hiyo hakuna anayekuja kutuokoa, wadau. Ni wewe, mfuko wako na fundi wako.

Na huo mfuko usiniambie ni mdogo. Mimi kamera nimenunua shilingi elfu thelathini Kariakoo. Skrini inayobana kwenye kioo cha kati elfu sitini. Fundi elfu ishirini. Jumla laki moja na kumi. Kijana mwenzangu aliyenicheka ana sabufa kwenye buti iliyomgharimu zaidi ya mara tatu ya hiyo, na tinti nyeusi juu, yaani amelipia kupunguza hata kile kidogo alichokuwa anakiona. Tunanunua vya kutazamwa na watu walio mbele yetu, walio nyuma watajijua. Huo, kwa maoni yangu, ndio ushamba.

Kuna kichekesho kingine. Magari mengi kutoka Japani yanakuja na kamera tayari, ya kiwandani. Tukifika hapa, redio inaongea Kijapani, mawimbi yake yanaishia 90, hatupati stesheni zetu nyingi. Tunaing'oa, tunaweka redio ya Kichina yenye skrini kubwa. Fundi hana soketi ya kuunganishia ile kamera ya zamani, anaiacha. Kamera inabaki imekodoa macho nyuma ya gari, haina pa kupeleka picha. Mwenye gari anaona Bongo Fleva kwenye skrini ya inchi tisa, mtoto nyuma haoni. Kama gari lako liko hivyo, huhitaji hata kununua kamera. Mwambie fundi akutafutie adapta, na apime kwanza umeme, maana kamera nyingine za kiwandani hazitumii volti 12.

Kwa mnaotaka kufunga, kazi yenyewe si ya ajabu. Kamera inakaa juu ya kibao cha namba. Umeme wake unachukuliwa kwenye waya wa taa ya rivasi, ili ukiweka rivasi tu iwake yenyewe. Waya mrefu wa picha unapita kwenye ule mpira unaounganisha mlango wa nyuma na paa, unafichwa pembeni mpaka kwenye dashibodi. Usikubali fundi aupitishe nje ya ule mpira, mlango utaukata baada ya mwezi. Na kuna kale kawaya kekundu kanakotoka kwenye waya wa picha, hako kanaiambia skrini ifungue picha. Fundi wangu alikasahau, tukakaa nusu saa tunailaumu kamera.

La pili, na hili shikeni sana: picha ikiwaka, weka kitu upande wa kulia wa gari uone kama kwenye skrini kinatokea kulia. Yangu ilitokea kushoto! Fundi akaniambia, "Bosi, utazoea." Nikamwambia hapana, hilo si la kuzoea. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya, ukikikata picha inageuka. Akakata, ikawa sawa. Ile mistari ya kijani na nyekundu nayo usiiamini kwa kuwa ina rangi nzuri. Weka tena ile ndoo, shuka, pima, ujue mstari mwekundu kwenye gari lako ni umbali gani hasa.

Sisemi kamera ni malaika. Mvua ikinyesha inaona ukungu. Tope la Dar likiirukia, inaona tope. Haioni mtoto anayekuja mbio kutoka ubavuni. Anayeitazama skrini tu na kusahau kugeuza shingo atagonga mtu akiwa na kamera yake. Mimi bado nazunguka gari kabla ya kupanda, bado natazama vioo, bado narudi taratibu. Kamera inaniongezea zile hatua saba ambazo shingo yangu, hata niizungushe kama bundi, haiwezi kuzifikia.

Wenye Hiace na Noah za kubeba wanafunzi ndio hasa ninaowaandikia. Gari linashusha watoto kumi na tano wa chekechea, wanatawanyika pande zote, halafu dereva anarudi nyuma ili ageuze. Yule dada wa kuwashusha yuko mlangoni, anahesabu mabegi. Nyuma kuna nani? Tunakaguliwa mtungi wa kuzima moto na ile pembetatu, sawa, vina kazi yake. Lakini wazazi wanaolipa nauli ya gari la shule kila muhula, hivi mmewahi kumuuliza mwenye gari, "Ukirudi nyuma unaona nini?" Muulizeni kesho asubuhi. Akisema dereva wake ni mzoefu, mpeni ndoo.

Na wewe uliyeniita mshamba, sina kinyongo, bia yako ipo palepale. Jana asubuhi nimeweka rivasi, skrini ikawaka, na katikati ya mistari nikamwona yule bwana mdogo na kizibo chake, amesimama anapungia mkono kamera. Nikazima gari, nikashuka, nikambeba nikampeleka kwa mama yake, nikaenda kazini. Sikuchelewa.

Naomba kuwasilisha.