Tukiandika, Tujibiwe

Siku hizi mtu wa Kavumu akiona barabara imekatika au bomba la maji limekauka, haendi tena ofisini kuketi kwenye benchi tangu asubuhi. Huchukua simu, hupiga picha, huandika maneno mawili matatu na kuyatuma kwa wakubwa. Picha yaenda, yasomwa, yapita. Jibu haliji. Kesho yake ukurasa wa wakubwa hao hao waonyesha sherehe na hotuba. Basi twauliza: je, huko ndiko kuongea na raia? Kinywa wanacho, masikio je?

Wako watakaosema kwamba raia hawaandiki, wanatukana tu, na kwamba katika simu uvumi ni mwingi kuliko habari. Hatukatai. Matusi yasiyo na jina wala mahali hayatengenezi daraja. Lakini yule aandikaye kwa adabu, akataja mahali na siku, yeye hujibiwa?

Sheria haikutuacha gizani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Februari 18, 2006 chasema kwamba kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, nao wapaswa kulijibu katika muda wa miezi mitatu; wala mtu asishtakiwe kwa kufanya hivyo. Kujibu, basi, si hisani. Ni deni.

Wala wasituambie kwamba hawana njia ya kutufikia. Septemba 2020 ilipoanza kodi ya RAM, fedha zilikatwa katika mayunite ya simu zetu, hata za bibi kizee aliye shambani. Malalamiko yalipozidi, ikaondolewa mwaka 2022. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku 20 hivi. Mwenye nguvu ya kutoza simu zote, na ya kuzinyamazisha zote, atashindwaje kuiandikia simu moja: «Tumepokea, tutafanya hivi»?

Tena jambo hili limekwisha kujaribiwa hapa kwetu Kivu ya Kusini. Yapata mwaka 2011, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakaaji wa Ibanda mjini Bukavu, wa Luhwindja na wa mahali pengine waliitwa mikutanoni kwa ujumbe mfupi wa simu. Wakachagua kwa simu kazi za kutangulizwa katika bajeti, kisha wakaelezwa yaliyoamuliwa. Watu walipoona kodi yao inageuka kazi, walizidi kuwa tayari kuilipa. Hapana muujiza hapo: aliyesikilizwa hutoa kwa moyo.

Nasi wa Kavumu twajua gharama ya kutosikilizwa. Tangu mwaka 2013 watoto wa kike waliibwa usiku majumbani mwao na kunajisiwa. Wazazi walilia miaka. Ni Juni 2016 ndipo wakubwa wa genge lile walipokamatwa, na mahakama ya kijeshi ikawahukumu Desemba 2017. Kilio cha kwanza kingalijibiwa, watoto wangapi wangaliokoka?

Februari 2025 Kavumu na uwanja wake wa ndege viliangukia mikononi mwa M23, na wengi wakauliza: sasa tumwandikie nani? Twajibu: yeyote apokeaye kodi ya watu amepokea na deni la kuwajibu. Bunduki haifuti deni hilo. Na palipo hatari, waandike wengi pamoja, mtu mmoja asisimame peke yake mbele ya upepo.

Basi, ndugu, tuache matusi, tuandike. Tutaje mahali, siku na kitu tunachoomba. Asiye na simu aandikiwe na jirani yake, maana shida yake si ndogo kuliko ya mwenye simu. Tuweke nakala, tuhesabu miezi mitatu. Ikipita kimya, tuulize tena, mbele ya watu wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa ulio kati ya raia na mtawala huzibwa kwa jibu.