Maswali ya Wasomaji: Vyeti, Vitambulisho na Hati za Safari



Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na aghalabu yake zauliza jambo moja: karatasi. Mmoja hana cheti cha kuzaliwa. Wa pili anacho, lakini jina limeandikwa vingine. Wa tatu ataka kwenda Hijja wala hajui aanzie mlango gani. Tumechagua barua nne, kwani zilizobaki zimo ndani ya hizo. Majibu yetu ni kwa taratibu za Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanao wakala wao wa kusajili matukio ya kijamii, uliowekwa kwa sheria yao ya mwaka 2018.

Kabla ya maswali, neno dogo. Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya serikali tu, dini haimo. Sivyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura ya al-Baqara, ni ile iamuruyo kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi ikiwa deni la mali laandikwa, nasaba ya mtoto na haki ya mjane zastahili zaidi kuhifadhiwa.

Swali la kwanza. Mama mmoja wa Muheza auliza: «Binti yangu amemaliza kidato cha sita. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaisha, vyeti vya shule vimeandikwa Aisha, na nyumbani twamwita Asha. Sasa ataka kuomba mkopo wa masomo. Je, patakuwa na taabu?»

Jawabu. Taabu yaweza kuwapo, ila ina dawa, maadamu hamkungoja siku ya mwisho. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Sisi twajua kwamba Mwanaisha, Aisha na Asha ni mtu mmoja. Lakini karani hamjui binti yako, azijua herufi zilizo mbele yake, na kwa herufi hizo hao ni watu watatu.

Tazameni kwanza kosa liko wapi. Ikiwa cheti cha kuzaliwa ndicho kilichokosewa, pelekeni maombi RITA kirekebishwe, pamoja na ushahidi wa jina la haki. Ikiwa cheti ni sahihi, ila binti amesoma kwa jina jingine, aandikishe hati ya kisheria ya kubadili jina, kwa msaada wa wakili, kisha hati hiyo isajiliwe. Na haya yafanywe kabla ya maombi ya mkopo, si baada ya kukataliwa.

Nanyi wazazi wenye watoto wachanga, lichukueni funzo hili mapema. Mtoto yatakiwa asajiliwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mkishakubaliana jina, liandikeni kwenye kipande cha karatasi, jina la mtoto, la baba na la babu, mkampe karani aione tahajia kwa macho yake. Msilitamke tu kwa mdomo, kwani kila sikio lina namna yake ya kuandika.

Swali la pili. Mzee mmoja wa Pangani asema: «Nilizaliwa nyumbani, sina cheti. Marehemu baba aliandika nyuma ya kitabu chake kuwa nimezaliwa mwezi wa Rajabu mwaka 1380. Kadi yangu ya zamani ya kupigia kura yasema 1958. Nataka pasipoti ya Hijja. Kijana mmoja aniambia nimpe fedha, atanipatia tarehe yoyote niitakayo.»

Jawabu. Mzee wangu, kwanza usione haya kwa kukosa cheti. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya Bara ilitungwa mwaka 1920, zama za Waingereza, na kwa miaka mingi haikuwalazimisha Waafrika walio wengi. Hata katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, watoto wa Bara wa chini ya miaka 5 waliokuwa na vyeti hawakufika 15 katika kila 100. Wenzio ni wengi.

Pili, maandishi ya baba yako ni hazina. Mwezi wa Rajabu wa mwaka 1380 ulianza kiasi cha tarehe 20 Desemba 1960, ukaisha katikati ya Januari 1961. Kwa hiyo ikiwa aliandika siku za mwanzo wa mwezi, wewe ni wa 1960. Na ikiwa aliandika siku za mwisho, wewe ni wa 1961. Kitazame kitabu vizuri kama tarehe imo. Ama huo mwaka 1958 wa kadi, yaelekea ni wa kukisia.

Tatu, mwendo wako ni huu: cheti, kisha kitambulisho cha taifa, kisha pasipoti. Afisi ya RITA ya wilaya aghalabu imo katika afisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Nenda na kitabu hicho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na karatasi yoyote ya zamani uliyo nayo, ya shule au ya kazi. Aliyepita miaka 10 hutakiwa ushahidi zaidi kuliko mtoto, basi usichoke kurudi. Kisha uende NIDA. Na hapa uwe mwangalifu sana: namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Tarehe ya uongo ukiitia humo, itakufuata katika kila namba utakayoisoma, mpaka kaburini.

Yule kijana mwenye kukuuzia tarehe ni kishoka. Mwepuke. Safari ya kwenda kuomba msamaha wa Mola haifai kuanza kwa kiapo cha uongo. Na kwa kuwa safari ya Hijja ina matayarisho mengi, na pasipoti yatakiwa iwe na uhai wa kutosha, usipungue miezi 6, yaanze haya mwaka mzima kabla.

Swali la tatu. Ndugu mmoja wa Tanga mjini aandika: «Kaka yangu amefariki, na mkewe alimtangulia. Wameniachia mtoto wa miaka 4, hana cheti. Watu wanishauri nimwandikishe kuwa mimi ndimi baba yake, ili mambo yake yawe mepesi. Nampenda kama mwanangu wa kumzaa. Je, nina kosa?»

Jawabu. Kumpenda na kumlea yatima ni thawabu kubwa, Mwenyezi Mungu akujaalie uwe nayo. Lakini kumwandika kwa jina la asiyekuwa baba yake haifai. Aya ya 5 ya Sura ya al-Ahzab yatuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Na sheria ya nchi nayo yahesabu kuwa ni kosa kumpa msajili habari za uongo.

Tazama madhara yake. Mtoto huyu ni mrithi wa baba yake. Siku ya kugawa mirathi, karatasi yako itakuwa imemfukuza mlangoni. Ukifa wewe, wanao watagombana naye, huyu asema ni ndugu na hawa wasema si ndugu. Na binti zako ni binti za ami yake, si dada zake. Wakiandikwa ndugu, umeyafunika mambo ya halali na haramu ambayo dini imeyabainisha. Wepesi wa leo umekuwa fundo la miaka 50.

Njia ya haki nayo si ngumu. Mwandike kwa jina la baba yake na la mama yake, waliokwisha fariki. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 uko mpango wa serikali, ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013 ukaenezwa mikoa mingine, ambao mtoto hupewa cheti bila malipo katika afisi ya kata au kituo cha afya. Chukua kadi yake ya kliniki uende sasa, kabla hajavuka umri huo. Ikiwa wataka uwezo wa kumsimamia katika mambo yake, omba mahakamani ulezi kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hapo utakuwa mlezi mbele ya Mungu na mbele ya watu, naye atabaki na baba yake.

Swali la nne. Mjane mmoja auliza: «Tulioana kwa walii na mashahidi, mahari nikapewa, ila cheti hatukuchukua. Mume wangu alifariki mwaka juzi, tukamzika kijijini, kifo hakikuandikwa. Sasa mwanangu atakiwa chuoni alete cheti cha kifo cha baba yake, na mashemeji wasema mimi sina ndoa.»

Jawabu. Ndoa yako ni ndoa. Karatasi haifungi nikahi, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa iliyotimia masharti kwa sababu tu haikusajiliwa. Lakini karatasi ndiyo ingeyafunga midomo ya mashemeji. Basi mwendee aliyewaozesha na mashahidi wangali hai, watoe ushahidi wao kwa maandishi na kwa kiapo.

Ama kifo, chatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Hata hivyo aliyechelewa hafungiwi mlango. Nenda kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa, upate barua, kisha afisi ya RITA ya wilaya. Cheti hicho ndicho kitakachomsaidia mwanao kuthibitisha uyatima wake katika maombi ya mkopo, na ndicho mahakama ya mwanzo itakachokiuliza utakapofungua mirathi.

Nanyi vijana mnaooa mwaka huu, msiondoke katika majlisi ya nikahi kabla shahada ya ndoa haijatiwa saini. Mume awe na nakala yake, na mke awe na yake mkononi mwake, si katika sanduku la mumewe.

Wabillahi t-tawfiq.