Hadisi za Maajabu Si Uongo wa Kutupa



Tangu mwanzo wa mwaka huu neno moja linazunguka katika vyumba vya kulala, na hata kwenye mulango wa biro ya Bwana Prefe. Wanasema: mwanafunzi wa mwaka wa ine anaandika roman. Kaye yake ya pili imekwisha kujaa. Ndani yake muna watu wanaoishi chini ya ziwa, muna na muzee anayegeuka moshi. Wengine wanacheka tu. Lakini mwalimu mumoja alisema mbele ya kalasi kwamba hayo ni mambo ya uchawi, na mutoto wa Mukristo hapashwi kuyaandika. Tangu siku ile kaye inalala chini ya matela. Sisi wa komite ya gazeti tunaomba ruhusa ya kujibu, kwa heshima yote.

Kwanza habari ya uchawi. Nani kati yetu hajasikia juu ya Safari ya Msafiri, kitabu cha John Bunyan? Wahubiri wetu wanakitaja tangu siku za wazee. Ndani yake iko jitu linalofunga watu katika ngome yake, iko pepo mwenye mabawa na magamba sawa samaki, anayepigana na Mukristo katika bonde. Hakuna mutu aliyeona mambo hayo kwa macho. Bunyan alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria na muhubiri. Alitiwa katika gereza la Bedford, huko Uingereza, juu alihubiri bila ruhusa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Katika maneno ya mwanzo anaeleza kwamba aliwaonyesha watu kazi yake: hawa wakasema chapisha, wale wakasema hapana. Akachapisha. Basi mabishano yetu yako na miaka zaidi ya mia tatu, na Wakristo ndio waliyaanza.

Na hapa kwetu? Moja kati ya roman za kwanza kabisa za Wakongomani ni hadisi ya maajabu: Ngando, ya Paul Lomami Tshibamba. Ilipata zawadi katika mashindano huko Bruxelles mwaka 1948, na mwaka ule ule ikachapishwa. Ngando ni mamba kwa lingala. Mutoto wa Kinshasa anakimbia masomo, anakwenda mutoni, mamba anamukamata, na baba yake anapashwa kumufuata mpaka kwa pepo za maji. (Wale wanaotoroka saa ya hesabu wasome hapo polepole.) Tshibamba hakuhitaji kuazima inchi ya mutu mwingine. Aliandika muto anaoujua.

Hapo tuko na neno kwa waandishi wetu wenyewe, maana kaye za namna hii si moja tu katika masomo yetu. Nyingine tulizisoma zimejaa ngome za mawe, farasi, theluji, na mashujaa wenye majina ya wazungu. Theluji iko juu ya Ruwenzori, hatukatai, lakini nani kati yetu alipanda huko? Tena juu ya nini kwenda mbali kutafuta moto wa joka? Nyiragongo iliingiza moto wake katikati ya Goma mwaka 2002, ikamwaga tena mwaka 2021. Na ziwa Kivu linaficha gazi nyingi sana katika vilindi vyake, zilizofungwa na uzito wa maji. Yule wa mwaka wa ine anayeweka watu chini ya ziwa ameona vema kuliko sisi wote.

Sasa tumaini la kuchapwa. Mufano mukubwa ni Amos Tutuola wa Nigeria. Alisoma miaka sita tu, akawa mutumishi wa kupeleka barua katika ofisi ya serkali huko Lagos. Aliandika habari ya mutu mupenda pombe ya ngazi anayekwenda kumutafuta mugemaji wake aliyekufa, mpaka katika muji wa wafu. Aliona tangazo la chama kimoja cha vitabu vya Kikristo cha London, akatuma karatasi zake. Chama kile hakikuchapa hadisi za namna ile. Lakini hakikuzitupa, wala hakikumwita muchawi. Kilimutafutia njia, na mwaka 1952 Faber and Faber wakatoa kitabu. Mwaka 1953 Raymond Queneau akakigeuza Kifaransa. Wasomi wengine wa kwao waliona haya juu ya Kiingereza chake. (Walimu wa Kifaransa wasituchukie, hatusemi sarufi iachwe.)

Lakini kuwaza London na Paris kila usiku, na kaye haijamalizika, ni kujidanganya. Umalize kwanza. Kiisha uandike nakala ya pili kwa mukono, maana mutu anayetuma kaye yake moja tu, ikipotea njiani, hana kitu tena. Na kama mutu anakuomba feza mbele hata hajasoma ukurasa mumoja, umukimbie.

Thomas Mofolo wa Lesotho alianza karibu. Roman yake ya kwanza ilitoka vipande vipande katika gazeti la misioni ya Morija, ndipo ikawa kitabu mwaka 1907. Njia ile tunaweza kuifuata hapa. Tunaomba kurasa mbili katika kila namba ya gazeti hili kwa hadisi ya mwaka wa ine. Yule mwalimu wetu asome kila kipande mbele ya kuchapwa, na akiona neno baya aandike chini yake kwa nini ni baya. Tutachapa maneno yake pia. Mwandishi amekubali. Tunangoja jibu la Bwana Prefe, na stensili mbili, maana zetu zimekwisha.