Mguu Ulitangulia Ubongo
Kwa miaka mingi wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba binadamu alipata kwanza ubongo mkubwa, ndipo akasimama wima. Nyayo za Laetoli, mkoani Arusha, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey, ziliivunja dhana hiyo. Zina umri wa miaka milioni 3.66. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine, si pembeni kama cha sokwe. Ubongo wa viumbe hao, waonavyo wataalamu, ulikuwa kama theluthi ya wetu. Je, ni haki mtoto wa Milanzi, Sumbawanga, akariri mapiramidi bila kuyajua haya? Nyayo zenyewe zilifukiwa tena zisiharibike. Hata aliye Arusha hazioni. Basi mwalimu awakanyagishe wanafunzi tope la masika, kisha walinganishe na picha.