Kiwiko si Mchezo, Wenzangu!

Wiki hii nakuandikia kutoka Mbamba Bay, kwetu ziwani, maembe yameiva. Na maembe yakiiva Nyasa, watoto nao wanadondoka! Mtoto anajikinga kwa mkono, mfupa wa juu ya kiwiko unalia ka! Hapo ni pembamba mno.

Kauli ya kwanza utakayoisikia: "Mpeleke kwa babu akamuunge." Simdharau babu. Kama ni ufa tu, mfupa utaunga hata mkono ukining'inizwa kwa kanga. Kasheshe ni mfupa uliohama, maana ncha yake inaweza kuubana mshipa wa damu unaopita mbele ya kiwiko. Babu anavuta, anasugua dawa, anakaza vijiti. Kiwiko kinavimba, pa kuvimbia hamna, damu haifiki. Ndani ya saa chache misuli inaanza kufa, na baadaye vidole vinajikunja kama kucha za mwewe. Mjerumani Richard von Volkmann aliliandika jambo hilo mwaka 1881, na hadi leo lipo.

Binamu yangu wa Mbinga mjini ana mkono huo. Mtanashati kweli kweli, lakini chenji anapokea kwa kushoto, na wasiomjua wanasema hana adabu. Inauma!

Operesheni yenyewe wala haitishi. Mtoto anapigwa usingizi, daktari anauvuta mfupa hadi mahali pake, anapitisha waya nyembamba mbili au tatu ngozini ziushike. Mara nyingi hata kisu hakiguswi. Anafungwa hogo la nusu, na baada ya wiki tatu au nne waya zinachomolewa. Basi! Wewe mkubwa uliyeanguka na bodaboda ukavunja ncha ya kiwiko, kwako kisu kipo: utafungwa waya kwa mtindo wa namba nane, au bamba la chuma na skrubu.

Kabla ya kuanza safari ya Liuli, au kupanda milima kwenda Litembo, ufunge mkono ulivyo, usiunyooshe. Vidole vikiwa vya baridi, vyeupe, vina ganzi, au akipiga kelele ukivinyoosha, usingoje kuche. Hata akiwa na hogo la hospitali, maumivu yakizidi mrudishe usiku huo huo lilegezwe.

Shangazi mmoja hapa kaniambia, "Mwanaume avumilie." Ana miaka sita, shangazi. Mwanaume gani huyo?