Forodhani tuongezewe viti

Mhariri,

Juzi jioni mimi na shoga yangu tulikwenda bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, Unguja, tukanunua urojo na juisi ya miwa, tukakaa kutazama watu. Mchezo wetu ni kukisia. Yule kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, anakwenda kuposa? Na yule bibi anayevutana bei na muuza pweza, kalea wajukuu wangapi? Tulicheka mpaka mbavu zikauma, hasa vijana walipokimbia na kujirusha baharini, kila mmoja na mtindo wake, umati ukiwashangilia.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bustani yenyewe ilifunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati mkubwa. Uzuri wake hasa, kwangu, ni huu: mtu hukaa bure akawaona wenziwe. Ila magharibi ikishaingia viti hujaa, wazee wakabaki wima. Naomba wahusika waongeze viti upande wa bahari. Bibi yangu anaupenda mchezo huu na hukisia vizuri kutushinda, lakini magoti yake hayamruhusu kusimama.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja